Hodi Isiyoitikiwa: Tafakuri juu ya Mlango wa Roboti ya Mazungumzo

Katika desturi ya Waswahili, mgeni mwenye adabu haugongi mlango kwa ngumi. Husimama kizingitini akapaza sauti: "Hodi!" Akinyamaziwa hurudia mara ya pili, kisha ya tatu. Ya tatu nayo isipoitikiwa, hugeuka akaenda zake bila kinyongo, kwa kuwa amekwisha kujua kwamba wenyeji hawapo, au wapo lakini hawajawa tayari kupokea mgeni. Kimya kile kina maana inayoeleweka na pande zote mbili, na hakuna mgeni anayerudi kwake akiamini kwamba ameharibu mlango wa watu.

Leo wanafunzi wa vyuo vikuu wana mlango mwingine wanaoubisha usiku na mchana, nao ni mlango wa roboti ya mazungumzo, mtambo wa akili unde unaojibu maswali kwa maandishi. Mlango huu ukikataa kufunguka, aghalabu hutoa sentensi moja ya Kiingereza isiyobainisha kama mwenyeji hayupo, kama ufunguo ni mbovu, au kama mgeni amekosea nyumba. Mbishaji hubaki kizingitini akijilaumu. Lengo la makala haya ni kuchunguza hodi hiyo isiyoitikiwa kama inavyojitokeza Kisumu na katika vitongoji vya ufuo wa ziwa. Yanadai kwamba tatizo la kuingia haliko mahali pamoja kamwe, na kwamba asiye na maneno ya kulitaja tatizo hilo huwa mateka wake.

Inafaa kuanza na historia fupi ya mlango wenyewe. Kampuni ya OpenAI ya San Francisco, Marekani, iliizindua roboti yake iitwayo ChatGPT tarehe 30 Novemba 2022. Tayari baadhi ya Wakenya walikuwa wamepita ndani kupitia uani. Mnamo Januari 2023 jarida la Time liliripoti kwamba wafanyakazi jijini Nairobi, walioajiriwa na kampuni ya Sama, walikuwa wamesoma na kuainisha maandishi machafu ili mtambo ujifunze kuyaepuka, kwa ujira wa kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Umma ulipokaribishwa, ilimlazimu kila mgeni ajisajili kwa baruapepe, kisha athibitishe namba ya simu. Katika miezi ya mwanzo wengi walijibiwa kwamba nafasi imejaa. Wengine, kwa kukosa subira, walipakua programu za kuigiza zilizokuwa zimetapakaa, kwa kuwa programu rasmi ya simu za Android haikutolewa hadi Julai 2023. Kuanzia Aprili 2024 kampuni ililegeza komeo, ikaruhusu watu waulize maswali bila kujisajili. Hata hivyo, mgeni wa aina hiyo huzungumzia barazani. Akiondoka, mazungumzo yake hayahifadhiwi kwa ajili yake. Anayetaka kukuta kesho alichokiacha jana sharti awe na akaunti, na hapo ndipo kisa chetu kinapoanzia.

Wavuvi wa Dunga, ufuo ulio kusini mwa jiji la Kisumu, wana utaratibu ambao ungemfaa sana mtumiaji wa tarakilishi. Mashua ikikwama, mvuvi halilaumu ziwa zima papo hapo. Huangalia kwanza kilicho karibu: je, mafuta yapo? Kisha huinamia rafadha: je, imenaswa na wavu au majani? Baadaye ndipo huinua macho kutazama gugumaji, mmea ambao tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 umekuwa ukitanda juu ya Ghuba ya Winam na kuziba njia za vyombo. Ikiwa gugumaji ndilo lililoziba, mvuvi hujua kwamba kuvuta injini kwa hasira ni kuchoma mafuta bure. Husubiri upepo. Mlango uliozibwa asubuhi huenda ukawa wazi alasiri, bila yeye kufanya lolote.

Mwanafunzi anayekataliwa kuingia naye hana budi kutenganisha yaliyo mkononi mwake na yaliyo mikononi mwa upepo. Yapo matukio yanayothibitisha jambo hili. Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, umeme ulikatika karibu katika Kenya nzima. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika kusini mwa Afrika, na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota kwa siku kadhaa. Katika hali kama hizo hata ukurasa wa gazeti haufunguki, na hiyo ndiyo ishara ya kwanza. Kurasa zote zikigoma, kosa haliko katika akaunti. Kwenye kampasi, huenda mtandao wa chuo wenyewe unataka mtumiaji ajitambulishe kwanza, na asipofanya hivyo kila hodi itakwama katika lango la chuo kabla haijafika Marekani. Kutoka kwenye mtandao huo na kujaribu kwa bando la simu huonyesha mara moja kizuizi kiko upande gani.

Kurasa nyingine zikifunguka lakini roboti ikagoma, ni busara kumuuliza mwenzako aliye Nakuru au Mombasa kama kwake kunafunguka, au kutazama ukurasa ambao OpenAI huutumia kutangaza hali ya huduma zake. Kuna siku mwenyeji mwenyewe ndiye hufunga mlango. Tarehe 20 Machi 2023 kampuni iliisimamisha huduma yake baada ya hitilafu kuwaonyesha baadhi ya watumiaji vichwa vya mazungumzo ya watu wengine. Tarehe 10 Juni 2025 huduma iliyumba kwa saa nyingi, na wengi wakadhani kosa ni lao.

Hata hivyo, hakuna siku inayofundisha zaidi ya Jumanne, tarehe 18 Novemba 2025. Mwendo wa saa nane na dakika 20 mchana kwa saa zetu, kampuni ya Cloudflare, ambayo ni kama bawabu wa tovuti nyingi duniani, ilipatwa na hitilafu kubwa. Waliobisha kwa ChatGPT wakakuta ujumbe wa Kiingereza unaowataka waache kuizuia anwani fulani ya Cloudflare ndipo waendelee. Kwa maneno mengine, mlango ulimwambia mgeni kwamba yeye ndiye aliyeuzuia. Ukweli ulikuwa kinyume. Baadaye kampuni ilieleza kwamba faili moja ya ndani, inayotumiwa kuwatambua wageni ambao ni mitambo, ilikuwa imevimba kupita kiasi kilichotarajiwa. Chombo cha kutenganisha watu na roboti ndicho kilichowafungia watu nje, na watu wakahangaika kurekebisha simu ambazo hazikuwa na kasoro. Aliyeuelewa ujumbe ule neno kwa neno alipotoka kuliko asiyeuelewa kabisa.

Upepo ukiwa shwari, kinachobaki ni rafadha, yaani kifaa na akaunti ya mtumiaji. Hapa makosa si mengi, na mengi yake yana dawa. Kivinjari huweka vidakuzi vya siku za nyuma vinavyogongana na hali mpya. Kufungua dirisha la faragha au kutumia kivinjari kingine hulibainisha hilo kwa dakika moja. Simu kuukuu ambayo saa na tarehe yake zimepotoka huonekana kama mgeni anayedanganya, kwa sababu usalama wa tovuti hupimwa kwa wakati. Programu za kuficha mahali mtu alipo huweza kumfanya bawabu ashuku. Kubisha mara 20 mfululizo nako ni kosa. Mtambo huhesabu hodi, na zikizidi humfungia mbishaji kwa muda. Utamaduni wa hodi tatu una faida hata huku.

Wako pia wanaochangiana akaunti moja ya kulipia, ambayo tangu Februari 2023 imekuwa ikitozwa dola 20 kwa mwezi. Watu watano huingia kwa jina moja kutoka Kondele, Maseno na Bondo, jambo ambalo masharti ya huduma yanalikataza. Siku mmoja akibadilisha nywila, wanne huamkia nje. Halafu wako matapeli wanaojitolea kumfungulia mtu akaunti mradi tu awatajie msimbo uliotumwa kwenye simu yake. Mkenya asiyethubutu kumtajia mtu namba yake ya siri ya M-Pesa hapaswi kumtajia mtu msimbo huo.

Mfano ufuatao unaonyesha jinsi mambo haya yanavyofungamana na maisha ya watu. Mnamo Oktoba 2025 msichana mmoja wa mwaka wa nne, mwanafunzi wa Kiswahili katika chuo kikuu kimoja cha eneo la ziwa, aliibiwa simu kituoni alipokuwa akipanda matatu. Alikuwa akitafiti msamiati wa wachuuzi wa samaki katika fuo za Dunga na Usenge. Kwa miezi mitano alikuwa amenukuu mahojiano yake, akayabandika katika roboti ili yapangwe kwa mada, na kuyaacha humo. Daftari alilonakilia mwanzoni lilikuwa limelowa mvua, na sauti alizorekodi zilikuwa katika simu iliyoibiwa. Tasnifu ilikuwa itolewe baada ya siku tisa.

Alikwenda kwa mama mmoja mwenye duka la huduma za tarakilishi karibu na soko la Kibuye, ambaye wanafunzi wengi humkimbilia.

"Nimebadilisha nywila mara nne, Mama," alisema. "Nadhani nimeharibu kila kitu."

"Hujaharibu kitu, binti yangu. Siku ya kwanza uliingia vipi? Ulitunga nywila yako, au ulibonyeza palipoandikwa Google?"

Msichana alifikiri. "Nilibonyeza Google."

"Basi nywila unayoibadilisha si ya mlango huu. Hapa huingii kwa nywila. Unaingia kwa Google, na Google ndiyo itakayokuuliza wewe ni nani."

Google nayo iliuliza. Ilisema kwamba kifaa kile ni kigeni kwake, ikatuma msimbo kwa ujumbe mfupi kwenye namba iliyokuwa ndani ya simu iliyoibiwa. Laini hurejeshwa kwa mwenyewe akienda dukani na kitambulisho, na kitambulisho cha msichana kilikuwa salama chumbani. Mama yule akauliza swali ambalo mwanafunzi hakuwa amejiuliza kamwe.

"Laini ni yako, sawa. Imesajiliwa kwa jina la nani?"

Alipopewa laini ile alikuwa angali kidato cha pili. Hakuwa na umri wa kupata kitambulisho, kwa hiyo mjomba wake, mvuvi wa kisiwa cha Rusinga, aliisajili kwa jina lake. Hali hii ni ya kawaida mno nchini. Vijana wengi hubeba mfukoni namba ambayo kisheria ni ya mzazi, kaka au jamaa, na juu ya namba hiyo wamejenga baruapepe, akaunti na kumbukumbu zao zote.

Jioni hiyo alimpigia simu kwa simu ya kuazima.

"Okewa," mjomba aliuliza baada ya kusikiliza, "hiyo mashine ya Amerika inanijuaje mimi?"

"Haikujui, Nera. Inajua laini tu."

"Na laini inanijua mimi."

"Ndiyo."

"Basi nakuja."

Zilikuwa siku za giza, mwezi hauonekani, na hizo ndizo siku za omena, ambao huvuliwa usiku kwa mwanga wa taa. Kwa mvuvi, kuuacha usiku kama huo ni kuacha karo ya mtoto. Hata hivyo, alfajiri mjomba alivuka kwa kivuko kutoka Mbita hadi Luanda Kotieno, akapanda matatu hadi Kisumu akiwa na kitambulisho kilichobanduka pembe. Kufikia alasiri laini ilikuwa imerejeshwa. Msimbo ukaja. Mlango wa California ukafunguka kwa ufunguo uliotoka Rusinga.

Mazungumzo yote yalikuwamo. Kwa ushauri wa mwenye duka, msichana aliyanakili katika diski ya kubebeka kabla ya kusoma neno lolote, kisha akaomba yachapishwe. Mjomba alizichukua karatasi zikiwa bado na joto la mashine, akaanza kusoma polepole. Katika ukurasa wa tatu akasimama. Mtambo ulikuwa umefafanua kwamba fulu ni jina la ngege mchanga.

"Hapa wamekudanganya," alisema. "Fulu si mtoto wa ngege. Fulu ni fulu. Walikuwa tele nilipokuwa mdogo, kabla mbuta hajawamaliza."

Alisema kweli. Fulu ni kundi la samaki wadogo wa Nam Lolwe waliopungua sana mbuta alipoenea katika miaka ya 1980. Msichana alichukua kalamu. Saa mbili walizopaswa kuzingojea matatu za jioni zikawa za kusahihisha msamiati. Yeye alisoma, mjomba akikubali au kukataa, na orodha ilipokwisha ilikuwa na maneno 11 ambayo hayakuwamo mwanzoni. Tasnifu ilitolewa siku iliyopangwa.

Kisa hiki kinaweza kusomwa kama onyo tu, nalo ni onyo la haki. Asiyeweka nakala nje ya roboti ameikabidhi ghala ya mavuno yake kwa mtu asiyemfahamu. Mwenye kuingia kwa Google na achapishe ile misimbo 10 ya akiba ambayo Google humpa mtumiaji kwa ajili ya siku ya msiba, aiweke pamoja na vyeti vyake. Aliyetimiza umri na ajisajilie laini yake, kisha aibadilishe namba katika akaunti zake kabla hajalazimika. Lakini kwa wasomi wa Kiswahili kipo kikubwa zaidi, nacho ni suala la lugha.

M-Pesa ilipozinduliwa nchini Kenya mnamo Machi 2007, ilileta kufuli jipya mikononi mwa watu ambao wengi wao hawakuwahi kugusa tarakilishi. Kufuli hilo lilieleweka, kwa sababu miongoni mwa mambo mengine liliweza kusema Kiswahili. Mchuuzi wa omena alijua "tuma pesa", akajua "namba ya siri", na baadaye akapokea "Lipa na M-Pesa" mwaka 2013 na "Fuliza" mwaka 2019 kama maneno ya kwao. Akikosea, hujua amekosea wapi: namba ya siri si sahihi, au salio halitoshi. Linganisha na mwanafunzi wetu, mwenye karibu miaka 16 ya masomo, aliyebadilisha nywila mara nne pasipo na nywila. Roboti yenyewe huzungumza Kiswahili mtu akishaingia. Ndani ya nyumba Kiswahili kinaitikiwa, lakini kizingitini wengi hukutana na Kiingereza cha mafundi.

Haisemwi hapa kwamba Kiswahili hakina istilahi. Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili iliyotokana na juhudi za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitolewa mwaka 2004, na Facebook ikapata sura ya Kiswahili mwaka 2009. Taabu yetu huenda ni wingi. Wengine husema nywila, wengine nenosiri, wengine neno la siri, na vijana wa Kondele husema paswadi. Hata mtambo wenyewe ni akili bandia kwa mmoja, akili mnemba kwa mwingine na akili unde kwa wa tatu. Mijadala juu ya istilahi ipi bora ina nafasi yake katika makongamano. Aliyefungiwa nje, hata hivyo, hahitaji nomino iliyosanifiwa kama anavyohitaji sentensi inayomwambia afanye nini.

Sentensi hizo si nyingi. "Huduma imezidiwa: ngoja." "Umebisha mara nyingi mno: pumzika, urudi baadaye." "Ulijisajili kwa njia nyingine: rudi kwa njia ile ile." "Msimbo umepitwa na wakati: omba mwingine." "Kifaa hiki hakitambuliki: tumia namba yako ya simu au msimbo wa akiba." "Hitilafu iko kwetu: simu yako haina kosa." Hiyo ya mwisho ndiyo adimu kuliko zote, na ndiyo ambayo ingewapumzisha wengi tarehe 18 Novemba 2025.

Chama cha wanafunzi wa Kiswahili kinaweza kuandika ukurasa mmoja wa maelezo ya namna hii, kikaubandika maktabani na katika maduka ya huduma za tarakilishi kutoka Maseno hadi Bondo. Kazi hiyo haihitaji ruhusa ya San Francisco wala fedha za mfadhili. Inahitaji watu wanaokijua Kiswahili, waliowahi kukataliwa mlangoni, na walio tayari kumuuliza mwenye duka la Kibuye ni maswali gani anayoulizwa kila siku. Na orodha ikishaandikwa, si vibaya ipelekwe Rusinga nayo isahihishwe.